Baruti ya Sikukuu: Tarehe 4 Julai na Hesabu ya Majeruhi

Furaha ya watu wengi aghalabu hutaka mlio. Harusi ina vigelegele na ngoma, ushindi una mizinga, na mwaka mpya, katika miji mingi ya dunia, haukubaliki kuwa umeingia mpaka anga limepasuliwa kwa baruti. Tabia hii ni ya kale, na mimi si miongoni mwa wale wanaotaka kuifuta. Neno ninalotaka kulichunguza ni jingine: gharama ya mlio huo ni nini, nani huilipa, na kwa njia gani taifa moja lilipata kuijua gharama yake lenyewe. Taifa ninalolikusudia ni Marekani, na siku ninayoikusudia ni tarehe 4 Julai, siku ya kukumbuka uhuru wake. Nimelichagua kwa sababu hasara za sikukuu hiyo ziliandikwa kwa tarakimu mwaka baada ya mwaka, na tarakimu hizo, zikisomwa kwa uangalifu, zinayakanusha maelezo mepesi ambayo wengi huridhika nayo, yaani kwamba watu walionywa, wakasikia, wakaacha.

Mlio wa siku hiyo ulitabiriwa kabla siku yenyewe haijapata jina. Tarehe 3 Julai 1776 John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa nchi hiyo, alimwandikia waraka mkewe Abigail, akamwambia kwamba vizazi vijavyo vitaiadhimisha siku ya uhuru kwa ibada, gwaride, michezo, mizinga, kengele na mioto ya furaha toka ncha moja ya bara hata ncha ya pili. Adams alikosea siku, maana alidhani itakayokumbukwa ni tarehe 2 Julai, siku ambayo Kongresi ilipiga kura ya kujitenga na Uingereza. Lakini kwa mlio hakukosea hata kidogo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 4 Julai 1777, na vita vingali vinapiganwa, mji wa Philadelphia ulirusha fashifashi angani, na maonyesho hayo yalianza na kumalizika kwa makombora 13, moja kwa kila koloni lililoasi.

Katika sherehe hizo za mwanzo baruti ilikuwa mkononi mwa watu wachache walioijua. Askari alipiga mzinga, fundi aliwasha kombora, na umma ulisimama mbali ukitazama. Karne ya 19 ilipokuwa ikiendelea mpango huu uligeuka pole pole. Fataki ndogo za karatasi nyekundu zilizotengenezwa Uchina ziliingia nchini kwa wingi na kwa bei ambayo hata mtoto wa maskini aliimudu. Baruti ikatoka katika mkono wa fundi ikaingia katika mfuko wa mtoto. Nadhani hapa ndipo historia ya hatari ya sikukuu hii inapoanza kwa kweli, maana baruti haikuongezeka ukali; kilichobadilika ni umbali uliokuwa baina yake na mwili wa mtu.

Moto ndio uliotangulia kutoa ushahidi. Tarehe 4 Julai 1866, mwaka wa pili tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe viishe, moto ulizuka katika mji wa Portland, jimbo la Maine, ukaanza karibu na bandari, na watu wengi waliamini kuwa chanzo chake kilikuwa fataki ya sikukuu. Upepo uliuchukua moto huo ukaupitisha katikati ya mji. Majengo kadiri ya 1,800 yaliteketea na watu wapatao 10,000 wakakosa makao. Mji ulijengwa upya, kwa matofali zaidi kuliko mbao, na sikukuu ikaendelea kama ilivyokuwa.

Sasa sina budi kusimama kidogo juu ya neno la lugha yetu. Kiswahili kina maneno mawili kwa mambo haya, fashifashi na fataki. La kwanza huelekea zaidi zile za kurushwa juu na kutazamwa. La pili lina maana mbili zilizokaa pamoja bila ya kugombana: ni kile kitu cha sikukuu kilipukacho, na pia ni kile kifuniko kidogo cha bunduki ambacho kikigongwa hutoa cheche ya kuwashia baruti. Mzungumzaji wa Kiswahili anapotaja fataki amekwisha kuweka mchezo na silaha katika chungu kimoja. Wamarekani wa mwanzo wa karne ya 20 walihitaji makaburi mengi ili wauone undugu huo.

Maana kitu kilichoua zaidi katika sherehe zao hakikuwa kombora wala fataki ya karatasi. Kilikuwa bastola ya bei ndogo iliyouzwa kwa watoto pamoja na risasi tupu. Risasi tupu ni kasha lenye baruti lakini halina kichwa cha kupenya. Mdomo wake huzibwa kwa kizibo cha karatasi nene. Mzazi aliyemnunulia mwanawe kitu hicho aliona kuwa amechagua lililo salama, kwa kuwa hakuna risasi ya kweli ndani yake. Mtoto aliweka mkono mbele ya mdomo wa bastola, au bastola ikafyatuka alipokuwa akiishindilia, na kile kizibo kikazama katika kiganja chake. Kidonda kilikuwa kidogo. Kiliachwa kidogo kwa nje, damu ikakauka, ngozi ikafunga, na mtoto akarudi kucheza.

Siku saba, nane au kumi baadaye taya lilikaza. Huo ni ugonjwa wa pepopunda. Mdudu wake hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama, hasa farasi, na miji ya wakati huo ilijaa farasi. Mdudu huyu ana tabia ya pekee: hewa humzuia kukua. Jeraha lililo wazi humnyima nafasi, lakini tundu jembamba lililozibwa juu, lenye karatasi, uchafu na nyama iliyoungua ndani yake, ni nyumba aliyojengewa. Huko hutoa sumu inayoshika mishipa ya fahamu, mwili ukajipinda kwa maumivu, na mgonjwa akafa mara nyingi akili yake ikiwa timamu. Mtaalamu wa Kijapani Kitasato Shibasaburo alifaulu kumtenga mdudu huyu mwaka 1889, na mwaka uliofuata yeye na Emil von Behring walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu hiyo inaweza kumkinga mwingine. Dawa iliyotokana na maarifa hayo ilitolewa katika damu ya farasi, mnyama yule yule ambaye mavi yake yaliieneza maradhi njiani.

Angalia jinsi jambo hili lilivyokuwa likijificha. Magazeti yalitoka asubuhi ya tarehe 5 Julai na habari za waliokatika vidole na nyumba zilizoungua. Chicago Tribune lilianza mwaka 1899 kukusanya hesabu ya waliouawa na kujeruhiwa nchi nzima, na kazi hiyo inastahili sifa. Lakini gazeti haliwezi kumhesabu aliye hai. Yule mtoto mwenye tundu katika kiganja alikuwa mzima tarehe 5. Alikufa tarehe 14 au 15, wakati bendera zimekwisha kukunjwa, na kifo chake kiliandikwa kuwa cha maradhi. Sikukuu haikuhusishwa.

Aliyeiunganisha siku na kifo hakuwa mhubiri wala mwanasiasa. Lilikuwa jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani, ambalo mwaka 1903 liliamua kuhesabu na kusubiri. Habari zilikusanywa kutoka majimbo yote, na wale waliokufa baadaye wakarudishwa katika siku iliyowajeruhi. Hesabu ilipokamilika ilionekana kuwa sikukuu ile moja ilikuwa imeua watu 466 na kujeruhi 3,983. Kati ya waliokufa, 406 waliuawa na pepopunda. Wagonjwa wa pepopunda walikuwa 415, maana yake ni kwamba 9 tu waliokoka. Na katika hao 415, watu 363 walikuwa wameumizwa na risasi tupu. Jambo lililodhaniwa kuwa ajali elfu mbalimbali likaonekana kuwa na chanzo kimoja kikubwa, chenye jina, kinachouzwa dukani.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kwenda taratibu, maana hatua ifuatayo husimuliwa vibaya. Mwaka uliofuata, 1904, waliokufa kwa pepopunda walishuka toka 406 mpaka 91, na vifo vyote vya sikukuu vikawa 183. Ni rahisi kusema kuwa watu walitishwa na ile hesabu wakawa waangalifu. Lakini waliojeruhiwa mwaka huo walikuwa 3,986, watatu zaidi kuliko mwaka uliotangulia. Mikono iliendelea kupasuka kama kwanza. Aliyebadilika alikuwa daktari. Jarida lilikuwa limewafundisha waganga kwamba kidonda cha sikukuu, hata kikiwa kidogo namna gani, kifunguliwe hata mwisho wake, kizibo na uchafu viondolewe, kiachwe wazi kipate hewa, na mgonjwa apewe dawa ya kinga bila ya kungoja taya likaze. Maarifa hayo yaliokoa mamia ya watoto katika mwaka mmoja, na hayakumzuia hata mtoto mmoja kuumia.

Tena, majeruhi waliongezeka. Mwaka 1905 walikuwa 4,994, mwaka 1908 wakafika 5,460. Tukijumlisha miaka saba, toka 1903 hadi 1909, tunapata watu zaidi ya 1,500 waliouawa na zaidi ya 33,000 waliojeruhiwa kwa ajili ya kusherehekea. Katika miaka hiyo yote maonyo hayakukosekana. Magazeti yalionya, walimu walionya, wazazi walionya huku wakitoa senti za kununulia. Naona kuwa onyo lilishindwa kwa sababu lilielekezwa kwa mtu asiye na uwezo wa kulitimiza. Mtoto wa miaka kumi aliambiwa awe na busara juu ya kitu ambacho watu wazima wamekitengeneza, wameagiza kwa meli, wamekipanga dirishani na wamempa fedha akinunue.

Katika miaka hiyo alijitokeza Bibi Julia Barnett Rice wa New York. Alikuwa amesomea udaktari, ingawa aliolewa na tajiri na hakuufanya kuwa kazi. Alianza kwa kupambana na honi za meli ndogo zilizopiga kelele usiku katika mto Hudson chini ya nyumba yake, na mwaka 1906 akaunda chama cha kuzuia kelele zisizo za lazima. Kutoka kelele za mto akaenda kwenye wagonjwa wa hospitali, na kutoka hospitali akafika kwenye tarehe 4 Julai, akaandika makala kali mwaka 1908. Yeye na wenzake walidai sikukuu iliyo salama na yenye akili timamu, na maneno hayo yakawa jina la harakati nzima.

Haifai kumsifu bibi huyu bila ya mizani. Wapinzani wake walisema kwamba mwenye jumba kando ya mto anachokichukia si hatari bali ni kelele ya maskini, na hasa ya wahamiaji wapya waliojaza mitaa ya miji mikubwa. Shutuma hiyo ina chembe ya kweli. Katika maandishi ya wapenda mageuzi wa zama zile hupatikana dharau kwa watu wa mitaani ambayo leo haisomeki kwa raha. Lakini tukiuliza ni mkono wa nani uliopasuka, tunaona kuwa maskini ndiye aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya mageuzi yale: mtoto wake alicheza barabarani kwenye mavi ya farasi, na daktari wake alikuwa mbali.

Tukio lililoipa harakati nguvu ya sheria lilitokea Cleveland, jimbo la Ohio, tarehe 3 Julai 1908. Katika duka moja la vitu vya bei ndogo muuzaji aliwasha kijiti kimwagacho cheche, kile ambacho watoto hukishika mkononi, ili kuwaonyesha wateja uzuri wake. Cheche zikaruka juu ya fataki zilizopangwa kwa kuuzwa, duka likawaka, na watu saba wakafa. Baraza la mji halikutoa onyo jingine. Lilipiga marufuku uuzaji na ulipuaji wa fataki mjini. Miji mingine ikafuata katika miaka ya 1909, 1910 na 1911, kila mmoja kwa kiasi chake.

Hata hivyo marufuku peke yake ingalikuwa nusu ya kazi. Waongozi wa harakati walielewa, na hili ndilo ninalowapa heshima nalo, kwamba huwezi kumnyang'anya mtu sikukuu yake ukamwachia ukimya. Miji iliyofaulu iliandaa gwaride la watoto, mashindano ya mbio, michezo ya kuigiza mambo ya historia, muziki katika bustani, na wahamiaji walipita barabarani kwa mavazi ya nchi zao. Usiku ukifika, mji wenyewe ulirusha fashifashi kwa fedha ya umma na kwa mkono wa fundi, juu ya maji au katika uwanja mpana, watu wakasimama mbali. Yaani walirudi katika mpango wa Philadelphia wa mwaka 1777. Baruti ilirudishwa kwa aijuaye, na umbali ukarudishwa baina yake na mwili.

Sasa tazama tarakimu. Mwaka 1909 vifo vilikuwa 215, na 125 kati yake ni vya pepopunda. Mwaka 1910 vifo vilikuwa 131, majeruhi 2,792. Mwaka 1911 vifo 57, majeruhi 1,546, na pepopunda iliua watu 10. Safari hii si vifo tu vilivyoshuka. Majeruhi nao walishuka, na ndiyo tofauti ya hatua hii na ile ya 1904. Udaktari uliwatoa watoto kaburini baada ya kuumia. Sheria ya mji na sherehe ya mji ziliwazuia kuumia. Katika mijadala ya leo juu ya baruti za sikukuu mambo haya mawili huchanganywa mara kwa mara, hata hospitali zikapewa sifa au lawama isiyokuwa yao.

Yaliyofuata yanaweza kupitwa upesi. Chanjo ya pepopunda ilienea katikati ya karne ya 20, na kifo kile cha siku ya kumi kikatoweka katika orodha. Mwaka 1966 sheria ya Marekani iliondoa sokoni zile fataki kubwa zilizokuwa karibu na bomu kuliko mchezo, na tangu mwaka 1976 fataki ya mlio iuzwayo kwa umma hairuhusiwi kuwa na baruti zaidi ya miligramu 50. Serikali ilikuwa imejifunza kukiuliza kitu kabla ya kumuuliza mtumiaji.

Lakini ushahidi ulio bora zaidi ulikuja bila ya kutafutwa, mwaka 2020. Kwa sababu ya maradhi ya korona miji mingi ilifuta maonyesho yake ya hadhara. Watu hawakuifuta furaha yao. Waliipeleka uani na barabarani. Tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ilikadiria mwaka huo majeruhi 15,600 waliotibiwa katika vyumba vya dharura, na vifo visivyopungua 18. Mwaka uliotangulia majeruhi walikadiriwa kuwa 10,000 na vifo vilikuwa 12. Sheria hazikubadilika baina ya miaka hiyo miwili. Kilichoondoka ni ile nusu ya pili ya mpango wa 1909, yaani sherehe ya wote.

Mahali ambapo mtu binafsi anaruhusiwa kuwasha, mashauri yanayotolewa ni machache na kila moja lina jeraha nyuma yake. Ndoo ya maji au bomba iwe karibu, kwa ajili ya Portland na nyingine nyingi zisizo na jina. Aliyelewa asiwashe. Iwashwe moja tu kwa wakati, juu ya ardhi tupu, na mwashaji aondoke mara moja. Isishikwe mkononi wala kuinamiwa. Fataki iliyokataa kulipuka isirudiwe, kwa kuwa utambi unaweza kuwa ungali ukiungua ndani bila ya kutoa moshi. Huachwa kwa muda, kisha hutoswa katika maji. Na kile kijiti cha cheche, ambacho watu wazima humpa mtoto mdogo kwa kuwa hakina mlio, huungua kwa joto la kadiri ya digrii 1,100 za Selsiasi, mara kumi na moja ya joto la maji yanayochemka. Ripoti za Tume hukitaja mwaka hata mwaka miongoni mwa vyanzo vya majeraha ya watoto, zaidi ya karne moja tangu duka la Cleveland liwake.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki mambo haya si mageni kabisa. Wiki ya mwisho ya Desemba polisi wa Tanzania hutangaza kuwa ni marufuku kulipua fataki bila ya kibali, na tangazo hilo husomwa redioni pamoja na salamu za sikukuu. Mwanafunzi atakayependa kulichunguza jambo hili kwetu asianze na tangazo, bali aende kwenye daftari za hospitali za mwezi wa Januari.

Marekani yenyewe haijafikia neno moja. Kila jimbo lina sheria yake, na Massachusetts pekee ndilo linaloendelea kumkataza mtu binafsi fataki za kila namna. Jirani yake wa kaskazini, New Hampshire, anaziuza kwa ruhusa ya sheria, katika maduka yaliyojengwa karibu na mpaka, na kila mwezi wa Juni magari hutoka Massachusetts kwenda kununua.